Fumbo lenu la Jumamosi: "kung'atuka" ina visanduku vingapi?

Kwa Mhariri,

Salaam na poleni na majukumu. Naandika kutoka Tanga mjini, Ngamiani, na hii barua sio ya siasa ingawa ukiipitia haraka unaweza kudhani ni ya siasa, ni ya lile fumbo la maneno mnaloweka ukurasa wa nyuma kila Jumamosi. Hapa kijiweni kwetu kwenye kahawa lile fumbo linagombaniwa kuliko habari za mbele, gazeti ananunua mmoja wanasoma kumi na peni ni moja tu, na aliyeshika peni ndio anakuwa na kauli ya mwisho hata kama hajui kitu.

Sa Jumamosi iliyopita mkatuletea fumbo lina kichwa chake kabisa, "Uongozi na Madaraka". Tukasema leo ndio leo. Maana kwa maneno ya ukubwa na utawala Kiswahili hakijapungukiwa, kimechukua kwa Waarabu, kimechukua kwa Waajemi, kwa Waingereza, kwa ndugu zetu wa bara, na huku pwani kila aliyekuja kututawala katuachia cheo kimoja viwili, kwa hiyo ukikaa kutunga fumbo la madaraka kwa Kiswahili mali unayo ya kumwaga. Lakini tulichokikuta, Mhariri, kimetuvunja nguvu. Mlalo 1, "Nguvu", visanduku saba, jibu MAMLAKA. Mlalo 9, "Mamlaka", visanduku saba, jibu UTAWALA. Wima 4, "Utawala", visanduku vinne, jibu DOLA. Yani mtungaji kafungua kamusi, kachukua neno kaweka neno la jirani yake, kafunga kamusi kaenda kula. Hapo hakuna aliyefumba wala atakayefumbua.

Na sio kwamba ni rahisi tu, ni uongo. Nguvu na mamlaka wapi na wapi? Nguvu anayo mchukuzi wa bandarini anayepanda na gunia mgongoni, mamlaka hana. Mamlaka anayo mzee mlinzi wa geti la ofisi fulani ambaye kifua chake ukikiangalia unamwonea huruma, lakini wewe na misuli yako unasimama pale unampa shikamoo unasubiri akufungulie. Na madaraka nayo yana njia yake, ni kitu unachokabidhiwa, unapewa madaraka, unavuliwa madaraka, nguvu za mwili nani alishakukabidhi? Wakenya wanaijua hii vizuri kuliko sisi maana wana sikukuu zake mbili, Madaraka yao ni tarehe 1 Juni 1963 na Uhuru wao ni 12 Desemba mwaka huohuo, katikati hapo miezi sita walikuwa na madaraka na gavana bado yupo. Na sisi Tanganyika tulianza na serikali ya madaraka mwaka 1960, uhuru ukaja Desemba 1961. Kwa hiyo wazee wetu walijua kabisa unaweza kupewa kiti na mwenye nyumba akabaki ndani. Mtungaji wenu angeandika "Anayo mlinzi wa geti, bondia hana", visanduku saba, hapo mtu angeumiza kichwa kidogo, akicheka akiandika MAMLAKA.

Afu kuna hili la cheo na mwenye cheo, hili limetukera kuliko yote. Mlalo 14 mmeandika "Cheo katika baraza la mawaziri", visanduku sita. Jibu WAZIRI. Waziri sio cheo jamani, waziri ni mtu, cheo chake ni uwaziri na uwaziri una herufi saba. Mlalo 20 hivyohivyo, "Wadhifa wa mwakilishi wa kata", jibu DIWANI. Huyo ni mtu na familia yake, wadhifa ni udiwani! Kiswahili kimetupa hii U bure kabisa, urais rais, ujaji jaji, ukuu mkuu, na mtungaji mjanja angeitumia kututega vizuri mno. Maana sio kila mahali ukitoa U unampata mtu, ukitoa U kwenye ubunge hubaki na mtu, unabaki na bunge zima pale Dodoma, mtu wake ni mbunge. Ukitoa U kwenye ujumbe unapata jumbe, mkubwa wa kijiji wa zamani, na ujumbe wenyewe unaweza ukawa cheo cha mjumbe au ikawa ni habari tu umetumiwa kwenye simu. Hebu fikiria kidokezo kama "Cheo kinachoingia kwenye simu", visanduku sita. Mwalimu mmoja mstaafu hapa kijiweni alipokisikia hicho alikaa kimya mpaka kahawa ikapoa. Sa nyie mali kama hiyo mnaiacha halafu mnachanganya kiti na aliyekikalia, ingawa nasikia huo ugonjwa uko na kwa wenye viti wenyewe.

Kuhusu vifupisho sitasema sana. DC wa wilaya, RC wa mkoa, DED mkurugenzi wa halmashauri, OCD mkubwa wa polisi wa wilaya, vyote mmevitumia kuzibia mapengo kwenye kona. Najua mtaani ndivyo tunavyowaita, hakuna anayesema "mkuu wa wilaya kapita" anasema "DC kapita", lakini fumbo ni la Kiswahili, na neno la visanduku viwili kwa kweli ni uvivu. Kwenye magazeti makubwa ya Marekani neno chini ya herufi tatu halikubaliwi, na ule mchoro wa visanduku vyeusi na vyeupe ukiligeuza gazeti kichwa chini unabaki vilevile. Wa kwenu mi niliugeuza nikakuta upande mmoja umejaa weusi mtupu.

Twende kwenye kilichozua ugomvi wenyewe. Wima 11, "Kuachia kiti kwa hiari", visanduku kumi. Aliyeshika peni kaandika KUJIUZULU fasta, imekaa, herufi tisa, kikabaki kisanduku kimoja kitupu mwishoni. Kelele. Mmoja akasema gazeti limekosea kuhesabu, mwingine akasema jibu sio hilo, kujiuzulu mtu anaweza kujiuzulu huku kasukumwa, kashfa imemfika shingoni, anaandika barua ya kurasa mbili anasema ni kwa hiari yake, hapo pana hiari gani? Hili ni KUNG'ATUKA. Neno ambalo Mwalimu Nyerere alilileta kutoka Kizanaki na nchi nzima ikalijua alipoachia urais mwaka 1985. Sawa, tukahesabu. Bila ile koma ya juu, kung'atuka ni herufi tisa vilevile, sawasawa na kujiuzulu, na ukitaka kujua lugha ina visa tazama zinapofanana, zote zinaanza na KU na herufi ya saba ni U. Ukiihesabu ng' kuwa sauti moja kama inavyotamkwa unapata nane. Ili ufike kumi inabidi ile koma ya juu uipe kisanduku chake peke yake, ikae pale kama mheshimiwa. Na ndicho mlichofanya! Maana neno linaloikata pale lilikuwa ni lile la ng'ombe, nalo koma yake mmeipa chumba.

Hebu mtusaidie, Mhariri, hili mliseme hadharani, sheria ya fumbo lenu ni ipi? Mi naona herufi moja kisanduku kimoja, na koma ya juu ipande na G kwenye kisanduku kilekile. Ch, sh, dh, gh kila herufi ipewe chumba chake kama kawaida, SHEHA ziwe tano, KADHI ziwe tano. Chagueni mnalotaka lakini mlichapishe juu ya fumbo, msitubadilishie kila wiki kulingana na mapengo yenu.

Kuna na la majina ya watawala wa zamani. Wima 2, "Mkuu wa jadi", visanduku vitano. Sisi tukaandika ZUMBE bila kusita. Hapa ni mkoa wa Tanga, Wasambaa na Wabondei wanamwita nani kama sio zumbe, na yule mkubwa wao kabisa kule Vuga akiitwa Simba Mwene. Jumamosi hii majibu yametoka mmeandika JUMBE. Herufi tano zote, nne zinafanana, tofauti ni ile ya kwanza tu, na kwenye mchoro wenu kisanduku cha kwanza hakikatwi na neno lolote! Mtu atajuaje ni J au Z? Halafu ukiniuliza mimi, jumbe sio mkuu wa jadi, jumbe tunayemkumbuka hapa zaidi ni yule wa Mjerumani, aliwekwa akusanye kodi na kutoa watu wa kazi, juu yake akida, na akida mwenyewe mara nyingi mtu wa pwani kapelekwa kutawala watu asiowajua, juu yake ofisa wa wilaya Mjerumani. Liwali naye alikuwepo hapa mjini toka enzi za Sultani wa Zanzibar. Uchifu wenyewe serikali iliufuta kisheria mwaka 1963. Kwa hiyo mkitaka jumbe andikeni "Alikusanya kodi chini ya akida", hapo hakuna atakayeleta zumbe.

Nisije nikaonekana nabeza tu. Nawaandikia kwa sababu naamini Kiswahili kinaweza fumbo la madaraka kuliko hata Kiingereza, na nitawaambia kwanini. Wenzetu mafumbo yao yamejaa vyeo vya watu wa mbali, EMIR, TSAR, SHAH, AGA, BEY, sio kwamba wanawapenda, ni vile majina ni mafupi na vokali zinawasaidia kukatisha maneno. Tsar wa mwisho kaondoka 1917, Shah wa Iran kaondoka 1979, kwenye visanduku bado wanatawala. Na unajua ni kiongozi gani wa Afrika Mashariki anayetokea sana kwenye mafumbo ya Wamarekani? Idi Amin! IDI, herufi tatu, huku I huku I, mtungaji akibanwa tu anamwita. AMIN naye anaingia kivyake. Jeshi letu lilimtoa Kampala Aprili 1979, mwaka mmoja na huyo Shah, lakini kwenye fumbo hakuna wa kumtoa. Nyerere herufi saba, hazibebeki kirahisi kwenye kona.

Sisi hatuna shida ya vokali, karibu kila neno letu linaishia na vokali, ukuta wa kulia wa fumbo unajaa A, I, U wenyewe. Na utajiri wetu mwingine ni maneno yenye sura mbili. Chukua SPIKA. "Bungeni hunyamazisha kelele, harusini huzipiga", visanduku vitano. Chukua DOLA, mmeitumia mkaiharibu na "Utawala", wakati ingeweza kuwa "Ina vyombo vyake hapa, Marekani hununulia mkate". KATA, "Ina diwani, lakini bibi huchotea maji mtungini". DIWANI mwenyewe, "Kwenye halmashauri ni mtu, kwa malenga ni mashairi", na mngeweza kuongeza kwamba zamani huku mrima kuanzia kwetu hadi Bagamoyo diwani alikuwa ndiye mtawala wa mji kabisa, sio wa kuomba kivuko cha kata. BALOZI, "Mmoja ana bendera kwenye gari, mwenzake ana nyumba kumi tu". Hiyo ya balozi nimeitunga mimi na hapa kijiweni balozi wetu wa nyumba kumi kaisikia, hajaniambia neno, ila juzi nilipopeleka karatasi yangu kakaa nayo.

HATAMU je? Vijana hawalijui tena kama ni kamba ya farasi, lakini aliyekuwa na akili zake miaka ya sabini anakumbuka chama kushika hatamu, wimbo wa kila siku. "Farasi huvalishwa, chama hushika", visanduku sita. NYAPARA, huku kwetu kwenye mkonge kila ukoo una hadithi ya mnyapara, na gerezani nyapara ni mfungwa mwenzako kapewa kuwasimamia wengine, kwa hiyo "Naye kafungwa, lakini anaamrisha". MAKALI, "Upande wa kisu anaoshika raia". JUU, hii ndio naipenda kuliko zote, "Maagizo yote hutoka huku na hakuna aliyewahi kufika", visanduku vitatu. Ukienda ofisi yoyote ukaambiwa hili jambo limetoka juu hujiulizi tena.

Na kama mnataka ya Tanga hasa, basi KILINDI. Ni wilaya ya mkoa huu, ni jina la ukoo uliotawala Usambara toka kwa Mbegha mpaka akina Kimweri, na kwa mvuvi wa Deep Sea kilindi ni pale maji yanapokuwa marefu nanga haifiki. Maana tatu kwenye visanduku saba. Mtungaji anayekaa na neno kama hilo halafu anaandika "Wilaya mkoani Tanga" anastahili kunyang'anywa peni.

Msidhani fumbo ni kitu kidogo cha kuchezea ukurasa wa nyuma. Lilianza Desemba 1913 New York, bwana mmoja Arthur Wynne alilitunga kwa gazeti lake la Jumapili, umbo la almasi, na toka hapo wakubwa wamekuwa wakiliogopa. Mwaka 1944 Uingereza gazeti la Daily Telegraph lilikuwa na mtungaji, hedimasta, Leonard Dawe. Mwezi Mei na siku za mwanzo za Juni majibu yake yakawa yanatoka hivi, Utah, Omaha, Overlord, Mulberry, Neptune. Yote yalikuwa majina ya siri ya jeshi kwa ile safari ya kushuka Normandy tarehe 6 Juni. Watu wa usalama wakamfuata hedimasta wa watu, wakamhoji, wakakuta hajui lolote. Miaka mingi baadaye aliyekuwa mwanafunzi wake akasema maneno yale waliyasikia kwa wanajeshi waliopiga kambi karibu na shule wakampelekea mwalimu, maana alikuwa na tabia ya kuwapa wanafunzi wamjazie mchoro na yeye anatunga vidokezo. Na 2012 Venezuela mtangazaji wa televisheni ya serikali alisimama hewani akadai fumbo la gazeti la Últimas Noticias lina amri ya kumuua kaka yake Rais Chávez, eti kwa sababu ndani kulikuwa na Adán, ndilo jina la kaka huyo, na maneno ya kuua na mvua ya risasi. Mtungaji, mwalimu vilevile, alikwenda kuhojiwa na watu wa usalama. Sijui kwanini wanaohojiwa ni walimu.

Lakini fumbo la madaraka bora kuliko yote kwangu ni la New York Times, siku ya uchaguzi wao, tarehe 5 Novemba 1996. Kidokezo kikasema habari kubwa ya gazeti la kesho, na jibu ni fulani kachaguliwa, jina visanduku saba. Watu wakaandika CLINTON wakakasirika, simu zikapigwa gazetini, inakuwaje mnamtangaza mshindi na watu bado wanapiga kura? Wengine wakaandika BOB DOLE, mpinzani wake, wakakasirika vilevile. Kumbe yote mawili yanakaa! Yule mtungaji, Jeremiah Farrell, mwalimu wa hesabu wa chuo, alitunga vidokezo vya wima vinavyokubali herufi zote mbili, mnyama mweusi wa Halloween, ukiweka C ni paka wa Kiingereza, ukiweka B ni popo. Herufi zote saba hivyohivyo. Aliyeshinda Clinton lakini fumbo halikudanganya mtu.

Sisi tunaweza hilo? Nimelifanyia kazi. Andika "Rais wa Tanzania", visanduku saba. NYERERE saba, KIKWETE saba, na herufi ya tano ni E kwa wote, ya saba E kwa wote. Mbili tayari bure, zimebaki tano za kutafutia maneno. Visanduku vitano, MKAPA na SAMIA, wote wanaishia A. Mi nimeshaanza na la saba, N au K, Y au I, ile Y inanisumbua maana Kiswahili Y na I hazikai mahali pamoja kirahisi, lakini mtungaji wenu analipwa, mimi nafanya usiku mjukuu akishanirudishia peni.

Tanga ni mji wa watu wa maneno, Mhariri. Hapa ndipo gazeti la Kiongozi lilipokuwa likichapwa enzi za Mjerumani, pale shule ya serikali, na tazameni jina lake lenyewe. Hapa kazaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Kufumba na kufumbuana kwenye mashairi watu wa huku wamefanya miaka na miaka kabla ya huyo Wynne na almasi yake, mtu anatoa swali kwa beti anangoja ajibiwe na mtu asiyemjua wa mji mwingine. Kwa hiyo mkituletea "Nguvu" visanduku saba tunaona kama mnatudharau. Na huyo mtungaji wenu mpeni jina pale chini, wenzenu huko nje wanaandika jina la aliyetunga, akipatia apongezwe akiboronga tujue wa kumwandikia, maana kumtumia mhariri barua kwa makosa ya mtu asiye na jina hata sisi tunaona haya.

Mwisho kabisa, Mlalo 22, "Huamrisha nyumbani", visanduku vinne. Nyie majibu yenu mmesema BABA. Kijiwe kizima kiliandika BABA isipokuwa mmoja, kaandika MAMA, kaambiwa amekosa na kadaiwa soda. Sasa tazameni wenyewe mchoro wenu, herufi ya pili A, ya nne A, na zile mbili zilizobaki hazikatwi na neno lolote, MAMA inakaa pale sawasawa na BABA. Jamaa anagoma kutoa soda, anasema mpaka gazeti litamke. Mwenye duka kashaitoa kwenye friji. Tunaomba Jumamosi ijayo mseme kama zote mbili zinakubalika au la, na kama la, mtueleze ni kidokezo gani kilichotukataza.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga